Beseni la Matanga ya Bi Atija

Mwaka ule meli ya gesi ilikaa mbele ya kijiji cha Mtondooni, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kama mgeni aliyeambiwa karibu akakataa kuingia ndani. Watu wa kampuni waliokuja kuhesabu minazi walikuwa wamekwisha kupita na ndoo yao ya rangi, wakachora alama nyekundu kwenye mashina, wakaondoka bila kusema kama alama ile ni ya uzima au ya kifo. Kwa hiyo kijiji kilikuwa na masikio marefu kabla hata ya mtu wa kwanza kuharisha.

Redio nayo ilikuwa haichoki kuutaja ugonjwa wa kule Guiné, ule wa kutokwa damu. Guiné ni mbali, lakini redio iko kichwani pa kitanda. Bi Atija alikuwa amekwenda Mucojo kumuuguza dada yake. Aliporudi alitapika siku nzima na kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, na alfajiri ya pili akakata roho. Habari yake haikuhitaji mbeleko, ilitembea yenyewe. Siku ya kwanza ilikuwa mabaharia wawili wagonjwa wameshushwa kwa siri kutoka kwenye meli, wakapita karibu na nyumba ya marehemu. Siku ya pili wakawa ishirini. Siku ya tatu Sufo, mwenye pikipiki ya kubeba abiria, ambaye hajawahi kuifikisha habari ikiwa na uzito ule ule alioipokea nao, alisema ndani ya meli mna maiti mia moja, wamepangwa kwenye barafu kama samaki changu, na mmoja wao bado anapokea simu.

"Uliona wewe?" wakamuuliza.

"Aliyeona ni shemeji yangu."

"Kwa macho yake?"

"Aliambiwa na mtu aliyeogopa kuangalia."

Wakacheka, lakini jioni ile hakuna aliyemtuma mtoto ufukweni.

Bi Cadija hakuwa na habari na meli. Alikuwa mwosha wa wanawake wa Mtondooni mwaka wa thelathini huo, na kanga zake zilinuka karafuu maiti hata zikifuliwa mara saba. Walisema aliwahi kumwosha bibi mmoja akafumbua jicho kulalamika kuwa maji ni ya baridi, naye Cadija akamjibu, "Vumilia, mama, hii ndiyo ya mwisho," yule bibi akalifumba jicho akaenda zake. Ukimuuliza mwenyewe, hakubali wala hakani.

Siku aliyokufa Atija, wanawake walisimama mlangoni na pindo za kanga puani. Cadija akaingia peke yake.

"Mwosha huoshwa," aliwaambia kutoka ndani. "Leo mnaziba pua. Siku yenu mtataka aje nani?"

Akamwosha vizuri, mara tatu, kwa majani ya mkunazi na kafuri, wala hakuruka kiungo. Alijivunia jambo lile. Kijiji kizima kilikuwa kinatetemeka, mikono yake haikutetemeka.

Na Mtondooni kuna desturi ambayo hata wenzao wa Palma hawana. Mwosha akimaliza kazi hagusi sabuni, hujisuuza tu kwa maji. Kujisugua sabuni baada ya maiti ni kumwambia mwenzio kuwa alikuwa uchafu. Wali wa matanga ukiletwa, beseni la kunawia huwekwa kwanza mbele ya mwosha. Hutia mikono miwili, kisha beseni hupita mkono kwa mkono, mwanamke kwa mwanamke, mtoto kwa mtoto, na maji hayabadilishwi. Mikono iliyomuaga marehemu hutangulia, na ya waliobaki hufuata. Anayepitisha beseni bila kunawa huhesabiwa kuwa ana kisa na maiti. Wali ukiisha, beseni hufunikwa kawa, likakaa nyumbani kwa mwosha mpaka siku ya tatu, ndipo maji yamwagwe kaburini. Wanaume wana beseni lao upande wao, na akifa mwanamke hilo la wanaume huanzwa na mwalimu wa madrasa.

Siku ile, kwa ajili ya maneno ya meli, wanawake walisita. Cadija alimtazama kila mmoja machoni mpaka mkono ukaingia majini. Rachida, mke wa mdogo wake Muhamudo, alilishika beseni akataka kulipitisha.

"Wifi," Cadija alisema mbele ya watu, "Atija alikukosea nini?"

Rachida akanawa. Nazira, mjukuu wa Cadija, mtoto wa miaka saba ambaye mama yake alikuwa akifanya kazi mjini Pemba, alinawa mara mbili kwa sababu alipenda kuchezea maji.

Siku ya pili baada ya matanga walianza kuanguka. Alhamisi walizika wanawake wawili, Cadija akawaosha, na beseni likapita tena. Kufikia Ijumaa wanawake na watoto kumi na mmoja walikuwa wamelala chini. Mwanamume, hakuna hata mmoja.

Jambo hilo Sufo alilipatia maelezo kabla ya sala ya mchana. "Wanataka matumbo," alisema. "Gesi haitaki warithi. Wakiisha wanawake na watoto, ardhi itamwambia nani hapana?" Safari hii hakucheka mtu. Siku chache nyuma alikuwa amekuja Leonor, nesi wa serikali kutoka Inhambane, na mkebe wa unga wa kusafishia maji ya kisima. Sasa ikawa wazi kwa kila mtu: meli imeleta ugonjwa, na unga ndio unaoupanda.

Muhamudo ndiye aliyewakusanya wanaume. Waliangusha minazi miwili barabarani, wakachagua yenye alama nyekundu, kwa kuwa hiyo ilikwisha kuacha kuwa yao. Gari la Leonor liliporudi na masanduku ya dawa, jiwe lilipasua kioo na paji la uso la dereva. Gari likarudi nyuma likasimama kwenye mikorosho, ng'ambo ya kona, likangoja.

Jumamosi, kabla jua halijatoka, Nazira akaanza kuharisha.

Kufikia saa tatu macho yake yalikuwa yamezama, na Cadija alipombana ngozi ya tumbo, ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Aliifahamu ngozi hiyo. Aliiona kwa Atija, na Alhamisi aliiona mara mbili. Ila wale walikuwa maiti.

Alimwachia mtoto jirani akaenda barabarani. Muhamudo alikuwa amekaa juu ya gogo, shati amevaa ndani nje, panga magotini.

"Ondoa gogo, mdogo wangu. Nazira ameshikwa."

"Da Cadija, niombe kingine."

"Sina kingine."

"Wakiingia hawa, ndio mwisho wetu." Hakumtazama. "Mpe maji ya madafu. Msomee. Mimi siwezi."

Alimtazama mdogo wake, mtu aliyemlea mgongoni, akaona midomo imekauka kama ya mtu aliyefunga siku mbili. Akadhani ni uchovu wa kulinda.

Akachukua kikapu cha kuokotea kombe, maana mwanamke mwenye kikapu maji yakitoka haulizwi anakwenda wapi. Akapita kwenye mikoko, tope likamfika magotini, akatokea upande wa mikorosho. Leonor alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari, dereva amelala na bendeji kichwani. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, na Kiswahili chake kilikuwa kama nguo ya kuazima, pengine kinambana, pengine kinampwaya.

"Mamã, wewe ndiwe unayeosha," alisema. "Nilikuona siku ile kisimani."

"Ndiye mimi. Nina mtoto wa miaka saba, ngozi hairudi. Njoo kwake na dawa zako, nitakupitisha kwenye mikoko."

"Nikipita na begi moja nitamtibu mmoja, na wakiniona hatatibiwa yeyote. Masanduku haya hayapiti topeni." Akampa pakiti za chumvi na sukari ya dawa, na chupa ya maji yaliyotiwa ule unga. "Mnyweshe kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko. Itamshikilia mpaka alasiri. Baada ya hapo anahitaji soro, maji ya mshipani. Bila soro..." Hakumalizia. "Nieleze hao wagonjwa. Ni nani?"

Cadija akawataja, kwa majina na majina ya mama zao. Leonor aliandika.

"Wanaume?"

"Hakuna."

"Hata mmoja? Mnakunywa kisima kimoja?"

"Kimoja. Hatuna cha pili."

"Kwenye matanga, wali ulipikwa vyungu tofauti?"

"Chungu kimoja. Wali ni ule ule."

Leonor aliacha kuandika. "Basi kuna kitu wanawake na watoto walikigusa, wanaume hawakukigusa."

Upepo ulitikisa karatasi ya majina. Cadija aliitazama mikono yake, ina tope la mikoko mpaka kwenye viwiko. Akaona beseni linavyopita: mke wa Sufo, na binti wa jirani, na Nazira mara mbili. Kila jina kwenye karatasi alilitazama machoni mpaka likanawa. Hakuna hata mmoja aliyekosekana.

Leonor aliikunja karatasi ya majina. Mtu akiona uso wa mwenzake umefika kwenye jibu, hamsukumi.

"Sio ule wa Guiné?" Cadija aliuliza.

"Sio. Hii ni kipindupindu. Ilikuwa Mucojo kabla ya kuja kwenu. Ni ugonjwa wa maji na mikono, mamã, na wengine huubeba bila kuanguka. Unaua haraka, na unatibika haraka, dawa ikifika."

"Na nikinyamaza?"

"Wataendelea kuanguka, na watatafuta wa kumpiga."

"Nikisema?"

"Watu wale ni wako," Leonor alisema. "Mimi nawajua kwa mawe tu."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Mtondooni, mtu wa kuleta ugonjwa kwa mkono wake ana jina lake, mchawi, na jina hilo halina dawa. Bibi mmoja aliwahi kuitwa hivyo zamani kwa sababu ya kuku tu, kuku kumi na wawili waliokufa, akahama na kitanda chake kichwani. Hapa walikuwa wamezikwa watatu. Miaka thelathini aliyowasitiri watu, akafunga taya zao na siri zao, ingeisha kwa sentensi moja. Na akikaa kimya, nani angejua? Leonor angeondoka. Meli ingebeba lawama, nayo ina mgongo mpana.

Alimnywesha Nazira kijiko kwa kijiko mpaka chupa ikafika nusu. Mtoto alimeza bila kufumbua macho.

"Bibi," alisema, "miguu inanivuta."

Kivuli cha paa kilikuwa kimekwisha kufika kizingitini. Alasiri haikuwa mbali. Cadija akainuka, akamwachia jirani mtoto, akafunua kawa ya beseni pembeni ya chumba. Maji ya Alhamisi yalikuwa mle bado, yanangoja kumwagwa kaburini. Akajitwika beseni, chupa akaikumbatia, akatoka.

Kwenye magogo walikuwepo wanaume kama kumi na watano. Walimwona akija na beseni la matanga kichwani, wakasimama, wakidhani amekufa mwingine.

"Nani?" Muhamudo aliuliza.

"Bado." Alilitua beseni juu ya gogo. "Nimekuja kusema jambo, na nitalisema mara moja. Ugonjwa huu haukushuka kwenye meli. Umekuja na Bi Atija kutoka Mucojo, na majumbani mwenu umeingia kwa mikono hii. Nilimwosha, sikugusa sabuni, nikatia mikono humu. Nikawalazimisha wake zenu na watoto wenu kutia ya kwao. Ndiyo maana nyinyi mko wazima. Nyinyi mlinawa kwingine."

Wanaume walitazamana, kisha wakalitazama beseni.

"Amelishwa," alisema mzee mmoja. "Yule mwanamke wa Inhambane amemlisha kitu."

"Amenipa hiki." Akainua chupa. "Maji yenye ule unga. Mnasema unaua." Akafungua akanywa funda tatu, taratibu, kama mtu anayekunywa chai, akajifuta mdomo. "Sasa kama unga ndio ugonjwa, nitaanguka mimi. Na kama beseni halina kitu, maji haya ni ya kisima chetu mnachokunywa kila siku, meli haijayagusa. Nawa, mdogo wangu. Sikuambii unywe. Nawa tu, kama unavyonawa siku zote."

Muhamudo hakujongea. Cadija akamgeukia Sufo.

"Nawa wewe."

"Mimi nimekwisha nawa nyumbani, bibi," Sufo alisema.

Katika siku nyingine wangecheka. Cadija alipita na macho yake mmoja baada ya mwingine, kama alivyopita kwa wake zao, na mikono ya wanaume kumi na watano ikaenda nyuma ya migongo. Wote walikuwa wamesema ni meli. Hakuna hata mmoja aliyeyaamini maji yale.

Mwisho Muhamudo akasogea. Aliweka panga chini, akainama, mkono wake ukashuka mpaka shubiri moja juu ya maji, ukasimama hapo.

"Rachida yumo ndani tangu jana asubuhi," aliyaambia maji. "Nimefunga mlango. Nilisema mbele ya watu kwamba nyumbani kwangu hautaingia."

Cadija akaliondoa beseni juu ya gogo. Alimkumbuka wifi yake na beseni mikononi, akitaka kulipitisha.

Muhamudo akashika gogo upande wa shina. Halikuinuka. Sufo akaenda upande wa pili, kisha yule mzee, kisha wengine, nayo minazi yote miwili ikaburuzwa mpaka mtaroni na alama zake nyekundu juu.

Leonor alitundika soro kwenye maboriti ya madrasa, maana nyumba hazikutosha. Chupa zilining'inia kwenye misumari ya vibao vya kuandikia Kurani, mistari mitatu ya wagonjwa kwenye mikeka. Nazira alipata mshipa kwa sindano ya kwanza. Kabla ya magharibi alikojoa, na Leonor akafurahi kwa ule mkojo kama mtu aliyepewa ng'ombe. Jumapili mtoto aliomba muhogo wa kukaanga. Aliambiwa bado, akanuna, na kununa kwake kulimliza Cadija mpaka akatoka nje.

Rachida walimchoma sindano mikono yote miwili, kisha miguu. Mishipa ilikuwa imelala kama kamba isiyo na maji ndani. Alifariki Jumapili saa tano, na kichwa chake kilikuwa mapajani pa mumewe. Leonor alikaa chini sakafuni na glavu zake. "Jana asubuhi ningeupata mshipa," alisema kwa Kireno, bila kumwambia mtu, lakini Muhamudo alikuwa amesoma mpaka darasa la tano, akaelewa.

Alikuja kwa dada yake saa saba. Alisimama uani, hakukaribia.

"Da Cadija, nani atamwosha?"

"Bado mnanitaka?"

"Nakuuliza nani atamwosha."

Akamwosha. Safari hii Leonor alikuwa pembeni, amevaa kanga ya kuazima, akitia unga kwenye maji. Cadija alivaa glavu, na ziliposhika nywele za wifi yake hazikusikia chochote, na hilo ndilo lililomuuma kupita yote. Alimsuka misuko mitatu. Alipomaliza alivua glavu, akatoka nje mbele ya wanawake wote wa Mtondooni, akaomba kipande cha sabuni, akajisugua mpaka kwenye viwiko, polepole, povu likidondoka mchangani. Baadhi waligeuka wasitazame. Mmoja alisonya. Yeye aliendelea.

"Samahani, Rachida," alisema, na maneno hayo yaliwafikia waliokuwa karibu tu.

Si wote waliomsamehe. Mpaka leo kuna nyumba mbili ambazo akipita mlango unaegeshwa. Sufo, mke wake alipopona, aliisimulia siku ile mpaka ikaota mkia: kwamba Bi Cadija alikunywa mkebe mzima wa unga, akatapika samaki hai, na samaki akaelekea kwenye meli bila kuuliza njia. Kisa hicho kinapendwa. Kile cha mikono nyuma ya migongo hakisimuliwi, ingawa waliokuwepo ni kumi na watano.

Beseni Cadija alilitoboa kwa msumari, mara nyingi, akaliacha kaburini kwa Atija ambako maji yake ya kwanza yalimwagwa.

Wali wa Rachida ulipoletwa, wanawake walikaa na mikono mapajani, wasijue waanzie wapi. Hapakuwa na kitu mbele ya mwosha. Ndipo Muhamudo akaingia upande wao, jambo ambalo mwanamume hafanyi, na birika mkono mmoja na kipande cha sabuni mkono wa pili. Maji yalinuka unga. Mwalimu wa madrasa alikohoa huko upande wa wanaume, kisha akanyamaza.

Alianza na watoto. Akainama kwa kila mmoja, akampa sabuni, akangoja, akamwagia, maji yakaenda chini yasirudi. Alikwenda hivyo mstari mzima, na wali ukapoa, na hakuna aliyemwambia afanye upesi. Alipofika kwa dada yake birika lilikuwa jepesi. Cadija akanyoosha mikono. Muhamudo alimwagia mpaka maji yakaisha, na hata yalipokwisha aliendelea kuliinamisha birika vile vile, naye Cadija hakuiondoa mikono.